Baba Daktari

Karatu,
Jumatatu, mwishoni mwa Septemba.

Dada yangu mpendwa Aikande,

Shikamoo Dada, na Bwana asifiwe. Nakuandikia kutoka hapa nyumbani Karatu, ambako baridi ya mwezi wa saba iliondoka, ikakumbuka kuna kitu imesahau, ikarudi kukichukua, na mpaka leo bado inakitafuta. Tunavaa masweta mpaka saa nne asubuhi. Vipi magoti yako? Vipi migomba ya kule chini ya mfereji, na yule ng'ombe wako mwenye kiburi aliyempiga teke katibu wa usharika? Habari ile ilinifikia nikiwa naendesha, nikacheka peke yangu mpaka wageni wakauliza nimeona mnyama gani.

Sisi hatujambo, Mungu ametuhifadhi. Laurencia bado anafundisha chekechea, na akirudi nyumbani anaendelea kunifundisha mimi, maana anasema darasa hilo ndilo gumu zaidi. Joel yuko kidato cha pili. Miguu imekua haraka kuliko akili, ila mwalimu wake ameniahidi kwamba vitakutana. Mimi nashusha wageni kreta kutazama wanyama kama kawaida, mwaka wa ishirini na mbili huu, na maelezo ninayowapa ni yale yale. Nadhani hata nyati wa kule chini wameshayakariri.

Najua unajiuliza kwa nini barua, wakati simu ipo na juzi tu umenitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba kuhusu mbolea. Dada, kwa simu wewe humngojei mtu amalize. Mtu akisema kuna jambo, wewe umeshauliza nani amekufa, umeshalia kidogo, umeshatoa ushauri na umeshakata. Nina jambo refu, na safari hii nataka nilifikishe mwisho. Kwa hiyo nakusihi, kaa kwenye kiti chako chenye mto, usome mpaka chini kabisa kabla hujanipigia.

Nianze na asante, kwa kuwa ndiyo kubwa kuliko yote nitakayoandika humu. Binti yetu Evelyn amekaa shule ya masista pale Moshi miaka sita, kidato cha kwanza mpaka cha sita, na katika miaka hiyo siku za wazazi kutembelea watoto mimi nimefika mara chache kuliko vidole vya mkono mmoja. Siku zile huangukia msimu wa wageni daima, utadhani masista na watalii wanapanga pamoja. Wewe hukukosa hata moja. Ulishuka kutoka Machame na hotpoti la ndizi nyama mapajani, ukakaa naye kwenye nyasi, ukamkagua kucha, ukatia sahihi kwenye daftari mahali pa mzazi. Siku ya mahafali sista mmoja aliniuliza kwa heshima kabisa kama mimi ndiye mjomba. Sikukasirika. Nilimjibu kwamba mama yake mzazi ni yule pale, na mama yake wa pili ni yule mwenye kitenge cha bluu anayegombana na mpiga picha.

Na sijasahau ulichokuwa ukimwambia pale kwenye nyasi. Kila alipokutajia alama zake za biolojia, ulimwita daktari wetu. Miaka arobaini umekuwa muuguzi, umeshika taa, umeshika sindano, umeshika mikono ya watu wanaokata roho, na siku zote ukimwita mtu mwingine daktari. Ulisema unataka kabla hujafumba macho umwite hivyo mtoto wa nyumbani kwetu. Ndiyo maana barua hii imenichukua siku tatu, na karatasi nilizochana zinatosha kuwashia jiko.

Matokeo yalipotoka nilikuwa kwenye steshenari ya Hasani, yule Mrangi anayechapa barua za nusu ya mji huu. Mtandao ulikuwa unazunguka tu. Watu waliokuja kutoa nakala za vitambulisho waliviacha mezani wakasimama nyuma yangu, kila mmoja akitoa ushauri wa kompyuta. Ukurasa ulipofunguka Hasani alisimama, akavua kofia yake, akanipa mkono kama anayempa mkono bwana harusi. Daraja la kwanza, pointi tano. Nilitoka pale miguu haigusi chini. Kabla sijafika kwenye maegesho, Sylvesta, dereva mwenzangu, alikuwa ameshasikia, akatangaza kwamba Baba Daktari huyo anakuja, watu wakunje mikono ya mashati wachomwe sindano. Jina likanasa siku hiyo hiyo. Mpaka anayechoma mahindi pale kona akawa ananiita Baba Daktari. Na mimi, Dada, nilikuwa naitika. Naitika na kugeuka polepole ili nao wa mbali wasikie.

Ila nisijisingizie kwamba ugonjwa ule ulianza siku hiyo. Mwaka jana masista waliita wazazi wa kidato cha sita tuzungumze juu ya vyuo. Unaujua mkutano wa wazazi wa shule ya kulipia ulivyo. Mtu hasemi mwanawe anapenda nini, anasema gari lake la baadaye. Wa kwanza alisema wake ni urubani. Wa pili akasema wake ni mambo ya mafuta na gesi, akaeleza kwa kirefu, nadhani hata yeye hakuelewa. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikafunga kifungo cha koti nikasema sisi tumechagua udaktari. Mkuu wa shule, sista mmoja mfupi mwenye sauti ya kubembeleza, akaniuliza sisi ni akina nani, mzee. Watu walicheka, nami nikacheka pamoja nao, nikakaa. Lile swali nililikalia mwaka mzima.

Jumapili iliyofuata matokeo tukatoa shukrani kanisani. Nilitembea mbele kama mfalme, nyuma yangu Laurencia na Joel na majirani, mikungu ya ndizi, mayai na jogoo mwekundu. Mchungaji akanipa kipaza sauti akasema niseme kwa kifupi. Mimi na kifupi hatujawahi kufahamiana. Nilimshukuru Mungu, nikakushukuru wewe kwa jina, na nikawaambia washarika kwamba Evelyn anakwenda kusomea udaktari, wakati huo hata maombi ya chuo yalikuwa hayajafunguliwa. Vigelegele vikapigwa. Kwenye mnada baada ya ibada niliona jogoo wangu anakwenda kwa mtu mwingine, kiburi kikanipanda, nikamgombea mpaka nikamnunua mwenyewe. Tulirudi nyumbani na jogoo wetu. Evelyn alikuwa anatazama viatu vyake muda wote ule. Nilidhani ni unyenyekevu. Nilimwambia mama yake, unaona malezi.

Ukamtumia koti jeupe kwa gari la Moshi, lenye jina lake limedariziwa mfukoni kwa uzi wa kijani. Alilipokea kwa mikono miwili. Alilitundika nyuma ya mlango wa chumba chake, na sikumwona akilivaa.

Maombi ya vyuo yalipofunguliwa tulikwenda kwa Hasani tena. Evelyn alijaza mwenyewe, mimi nimesimama nyuma na miwani yangu, nikisoma herufi moja moja kama ninakagua tairi. Udaktari chuo cha kwanza, sawa. Udaktari chuo cha pili, sawa. Halafu nikaona chuo cha kilimo cha Morogoro, shahada ya mambo ya udongo. Nikauliza hii nayo ya nini. Hasani, ambaye siku hizi anajua vyuo kuliko wizara, alinituliza kwamba wanafunzi wengi hujaza na nyingine pembeni, nafasi isibaki wazi. Nikaridhika. Namba ya simu tukaweka yangu, maana nilisema ujumbe wowote wa chuo lazima upitie kwa mkuu wa kaya. Sasa nikikumbuka, Evelyn alichukua muda mrefu zaidi kwenye ombi la udongo kuliko yale mengine mawili.

Dada, kuna jambo ulikuwa hulijui, na mimi nililijua nikalipuuza. Unakumbuka alipomaliza kidato cha nne alikaa Mbulumbulu kwa baba mkwe wangu, mzee Tluway, miezi ile mirefu ya kungoja matokeo. Nilimpeleka kule ili asizurure mjini. Mzee ana shamba la ngano na maharage kwenye mteremko, na korongo linalolila shamba lile kila masika. Lilianza kama mfereji wa kuruka mtoto, leo ng'ombe akitumbukia mnaita watu na kamba. Evelyn aliporudi alikuwa na chupa za jemu zimejaa udongo, kila moja na karatasi yake. Akazipanga dirishani sebuleni. Laurencia alizihamisha chini ya kochi, zikarudi dirishani. Mimi niliwaambia wageni wangu kwa utani kwamba watoto wa wenzangu wanakusanya stempu, wa kwangu anakusanya matope. Tangu hapo kila likizo ilikuwa Mbulumbulu. Nilisema anampenda babu yake.

Basi, siku ile ya majibu nilikuwa kreta na wageni wanne. Kule chini simu hushika ikitaka. Tulipopanda juu, pale ukingoni ambapo wageni hupenda kusimama kupiga picha ya mwisho, simu ikaanza kutetemeka mfukoni kama kifaranga. Ujumbe ulisema mwombaji amechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, atumie namba hizi za siri kuthibitisha anachokitaka, na mwisho ni Ijumaa. Udaktari chuo cha pili, na udongo Morogoro. Niliwapigia wageni picha zote za siku hiyo bila kuangalia. Nasikia moja ni ya goti langu.

Nilifika nyumbani nikaita watu wote sebuleni, nikaweka simu mezani kama keki. Nikamwambia Evelyn aje abonyeze udaktari tumalize. Mtoto alisimama pale mlangoni akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayekataa sukari ya pili kwenye chai, kwamba anaomba nimsamehe, yeye hataki udaktari, anataka udongo, na alitaka kuniambia tangu ile Jumapili ya kanisani lakini nilikuwa nimeshika kipaza sauti.

Nisikufiche, Dada, nilisema maneno mabaya. Nilisema sikumpeleka shule ya kulipia miaka sita ili aje ashike jembe ambalo babu yake amelishika bure. Nilisema watu watanicheka kuanzia maegesho mpaka madhabahuni. Nilimuuliza na lile koti la Shangazi alivae shambani kuwatishia ndege? Akajibu kwamba udongo nao una maabara, na koti atalivaa humo. Mimi nikapandisha sauti. Katika siku mbili Laurencia alipika makande mara nne mfululizo, na wewe unajua mimi na makande. Nilipomuuliza kwa nini hanisaidii kumshauri mtoto, alisema anashukuru kwamba hatimaye nimeuliza, na kwamba yeye amejua kwa miaka miwili, na kwamba aliyepaswa kujua alikuwa anatangaza.

Alhamisi asubuhi Evelyn alinifuata nikiwa naosha gari. Alichukua kitambaa akaanza kuosha upande wa pili, na kutoka upande huo wa pili, ambako nisingeweza kumwona uso, akaniambia neno ambalo sijaweza kuliondoa masikioni. Alisema kama mimi na Shangazi tukimwambia aende udaktari, atakwenda. Na atafaulu, kwa kuwa amezoea kufaulu. Anaomba kitu kimoja tu: tusije tukamuuliza kama amefurahi.

Mimi nikafanya ujanja wangu wa mwisho. Nilisema twende kwa babu yake, akaamue yeye. Nilikuwa na hesabu zangu. Mzee Tluway mgongo umemsumbua mwaka wa nne huu. Nani kama yeye angetaka mjukuu daktari? Ijumaa asubuhi, siku yenyewe ya mwisho, tukapanda Mbulumbulu. Mzee alitupokea na utani wake wa kawaida, kwamba Mchaga amekuja, fungeni duka. Nikamweleza shauri lote. Masikio yake ni mazito pale anapopenda yawe mazito, lakini siku hiyo alisikia kila neno. Kisha akainuka akachukua fimbo, akatupeleka shambani.

Alisimama ukingoni mwa korongo akanionyesha katikati ya hewa, akasema pale ndipo alipomwoa mama yake Laurencia, palikuwa na nyumba. Akaniambia mgongo wake una daktari pale Karatu, na muuguzi anayemkemea, na vidonge vya rangi mbili. Akauliza shamba lake lina nani. Akasema shamba limekonda, na yeye hajui kulipeleka hospitali gani.

Evelyn alikuwa ameshashuka korongoni. Nikataka kumfuata kwa heshima zangu, na suruali ile ya kanisani, nikateleza, nikashuka mteremko mzima kwa makalio mpaka miguuni pake. Mzee alicheka mpaka fimbo ikamtoka. Evelyn hakucheka, aliniinua, akanipangusa, akaanza kunieleza. Akaweka kidole ukutani mwa korongo akaniambia weusi huu ni chakula cha ngano, umechukua maelfu ya miaka kutengenezeka, na mvua moja mbaya huuchukua mchana mmoja. Akanionyesha mistari ya majani ya tembo aliyoipanda na babu yake baada ya kidato cha nne, kuukata mteremko. Nyuma ya kila mstari udongo ulikuwa umekwama, umejaa, umefika magotini kwangu. Juu yake kulikuwa na mabua ya maharage yaliyovunwa mwaka huu, mahali ambapo miaka mitatu nyuma hapakuota kitu. Alinionyesha pia mstari mmoja uliobebwa na maji, akasema ule alikosea, na hajui ni kwa nini alikosea, na ndicho anachotaka kwenda kukisoma.

Dada, mimi ninawaeleza watu mlima na mashimo yake miaka ishirini na miwili, maneno niliyoyakariri kutoka kwa waliokariri. Sijawahi kumwambia mgeni hata mmoja kwamba kitu fulani sikijui na ninatamani kukijua. Nilimtazama yule mtoto na vumbi nyusini, na nikaona uso ambao mimi, nilipokuwa na umri wake, sikuwa nao. Na ninajua vizuri nilikuwa na uso gani. Hapo ndipo nilipokaa chini, nikamwambia jambo ambalo nimekuficha wewe miaka ishirini na tisa. Sasa nakwambia na wewe.

Mwaka 1996 ulinitafutia nafasi kwenye chuo cha utabibu. Ulikwenda kwa matroni wako mara ngapi sijui, ukanishonea mashati mawili meupe, ukanisindikiza mpaka getini. Wiki ya kumi na moja nikarudi nyumbani na sanduku langu la chuma. Nikakwambia daktari wa chuo amenipima kifua akakuta pumu, kwamba harufu za dawa zitaniua, na kwamba wao ndio walioniondoa.

Dada, sina pumu. Sijawahi kuwa nayo. Hakuna aliyenipima. Nilizimia mara moja tu wodini, walipofungua kidonda cha mzee mmoja, na mwalimu akaniambia wote huzimia, nitazoea. Sikutaka kuzoea. Kila asubuhi nilisimama nje ya wodi ile kama ng'ombe mbele ya josho. Sikuwa na ujasiri wa kukwambia sitaki, baada ya mashati yale. Fomu ya kuacha chuo ilihitaji ridhaa ya mlezi. Nikaandika jina lako, Aikande, nikatia sahihi yako, ile yenye mkia mrefu, niliyoijua tangu barua za shule ya msingi.

Na wewe ulikuja kunipokea stendi. Kutoka barabarani mpaka nyumbani ni kupanda tupu, wewe unakujua. Uliniangalia kifua, ukasema nisibebe kitu, ukajitwika lile sanduku la chuma kichwani. Mimi nilitembea nyuma yako mikono mitupu, na kila tulipokutana na mtu nilikohoa kidogo.

Hukunisema hata siku moja. Ulimwambia Baba kwamba afya haina mjadala. Tangu mwaka ule mpaka mwaka huu umenitumia asali na tangawizi kwa kila konda aliyekubali kubeba, na kitambaa cha kufunga puani nikiingia kwenye vumbi la kreta, na ukaniombea kwenye jumuiya kila Jumatano. Asali ile, Dada, imelea wanangu; Joel ameilamba tangu ana meno mawili. Mimi nilikuwa nikiimeza kijiko kimoja, na kila kijiko kilinikaba. Wema ule umenibeba maisha yangu yote, na niliupata kwa uongo. Sijui kama kuna shukrani inayotosha. Hii ni sehemu yake: nimekwambia.

Evelyn alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja, kama Shangazi anajua. Nikasema bado. Akasema basi yeye hathibitishi chochote mpaka Shangazi aulizwe, maana hatakwenda Morogoro kwa mgongo wa mtu aliyekaa naye kwenye nyasi miaka sita. Ilikuwa saa tisa alasiri ya siku ya mwisho. Nilishika simu nikupigie mara mbili, na mara mbili nikashindwa. Nilijua nikisikia sauti yako tu nitakohoa. Nikamwambia mtoto kwamba mzigo wa Shangazi ni wangu, si wake. Nikavaa miwani, nikaingiza namba zile mwenyewe, nikakosea, nikaingiza tena, nikachagua udongo. Ukitafuta wa kugombana naye kwa hilo, tafuta kidole gumba changu cha kulia.

Hivyo ndivyo ilivyo. Huko maegeshoni nimewaambia kwamba Baba Daktari amestaafu. Sylvesta ameniita Baba Tope kwa siku mbili, halafu akanivuta pembeni kuniuliza kama Evelyn anaweza kuangalia shamba la mama yake, nalo lina korongo. Mchungaji nimemwomba kipaza sauti Jumapili ijayo, akaniuliza kwa kifupi au kama kawaida yangu.

Laurencia anakusalimu sana na anasema amefurahi kujua kwamba mume wake ni mzima, maana asali sasa itakuwa ya chai. Joel anakusalimu. Mzee Tluway anakusalimu kutoka Mbulumbulu, anasema mletee mbegu za migomba, Wachaga mnaweza kupanda hata kwenye ndoo. Nisalimie majirani wote, na katibu wa usharika umwambie pole.

Aliyekuletea barua hii ni Evelyn, na sasa hivi unavyoimaliza nadhani yuko jikoni kwako anaosha vyombo ambavyo havikuchafuka, kwa hofu. Atakaa kwako mpaka Alhamisi, siku ya basi la Morogoro. Ameniambia kwamba ukisema hapana atarudi Karatu, ataomba udaktari mwakani. Mimi niliiba sahihi yako. Yeye amesafiri kutwa nzima kuja kuiomba.

Kwenye mkoba wake kuna jani la isale limefungwa kwenye gazeti. Nililikata kwenye ua wa mzee Gideon, yule Mrombo jirani yetu; akaniuliza nimemkosea nani, nikamwambia mtu mkubwa. Wewe ndiye uliyenifundisha utotoni kwamba anayeletewa isale hakatai kusamehe, kwa hiyo najua ninakubana, nisamehe na hilo. Lakini nataka uelewe vizuri, Dada. Jani lile ni langu peke yangu. Ni la pumu, na la jina lako nililoliandika, na la sanduku. Kwa ajili ya udongo sikutuma jani, kwa kuwa mtoto hajakosa kitu. Yeye amekuja kutaka mkono wako kichwani pake tu.

Mwite, Dada. Anangoja.

Mdogo wako, mwenye kifua kizima tangu kuzaliwa,

Eliapenda